Firigisi ya Baba Mkwe Niliikatakata Kwenye Tambi

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha. Mimi ndiye niliyemfanya mzee amkatae binti yake wa kumzaa, na yote yalianzia kwenye karai la tambi za Kichina ambazo hata dakika kumi hazikufika jikoni.

Cheka tu. Ningesoma ya mwenzangu ningecheka pia.

Ninaishi Rau na mume wangu. Watoto wako shule ya bweni. Mume ni mwongoza watalii, akipanda mlima haonekani siku sita au saba. Mimi ni mzaliwa wa Machame, nikaolewa Kilema, na mnajua tunavyotaniwa sisi wa Machame kwamba tukiingia kwenye ukoo wa watu ukoo uanze kujihesabu, eti tunaua waume. Ni utani, lakini mwenzenu ulikuwa unanikaa rohoni. Miaka yote ya ndoa nimeishi kama mtu aliye kwenye usaili. Nilitaka baba mkwe aone kwamba mtoto wake hakukosea kuoa.

Mama mkwe sikumkuta hai. Baba alikuwa akiishi kule juu Kilema kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, na wifi yangu, binti yake wa pili. Nimwite Filomena, jina si lake. Filomena aliachana na mumewe zamani akarudi kwao, na kwa miaka sita ndiye aliyempikia baba mtori wa ndizi, akamkamulia ng'ombe, akamsafisha kidonda cha mguu kila asubuhi. Baba ana sukari, na kile kidonda kinapona huku kinafunguka.

Siku hiyo walishuka wote wawili kwa ajili ya kliniki. Filomena alikuja na jogoo kwenye kikapu, zawadi kutoka kwa baba. Mume wangu alimchinja mapema, kisha akamchukua mzee wakaenda hospitali. Mimi na wifi tukabaki. Tulimtia jogoo mzima kwenye sufuria ya presha na vitu vyake vyote vya ndani, maana jogoo wa kule mlimani bila presha utamtafuna hadi taya ziume. Mpango ulikuwa kumpika na ndizi.

Basi tukajisahau. Wifi yangu alikuwa mtu wa kusimulia! Alikaa kwenye kigoda mlangoni, simu mkononi, ananisomea maungamo ya watu kwenye ukurasa huuhuu ninaouandikia leo. Kila mmoja anamchambua. Alisema hawa watu wangekuwa wanasema mapema nusu ya ukurasa ungekuwa mtupu.

Nami nikamchokoza, nikamwambia na yeye atoe la kwake. Ndipo akanisimulia kwamba alipokuwa na miaka tisa aliiba firigisi ya baba yake jikoni akaila, na alipoulizwa akasema ni paka. Paka akafungwa kwenye gunia akaenda kutupwa ng'ambo ya mto. Siku ya tatu mama yake akaujua ukweli na akamchapa. Lakini kilichomuuma, alisema, hakikuwa fimbo, ni yule paka.

"Tangu siku ile, wifi, firigisi haijaingia mdomoni mwangu," akaniambia. "Hata ya kuku wangu mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu, wataniona chizi."

Tukacheka mpaka machozi. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka vizuri sana na bado nikafanya nilichofanya.

Simu ikalia. Mume wangu anasema wameshapanda bajaji wanakuja, baba amekaa na njaa tangu alfajiri kwa sababu ya vipimo, anatetemeka, tafadhali wakute chakula. Ndizi zetu ziko palepale kwenye mkungu, hata kumenywa bado!

Nilikuwa na pakiti mbili za tambi za Kichina kabatini. Nilikuwa na kabichi, karoti, hoho, tangawizi, na chupa ya sosi ya soya niliyonunua ili nijaribu upishi niliouona kwenye simu. Nikasema leo ndiyo leo. Mzee atakula haraka, na atajua kwamba mkamwana wake anajua na mambo ya kisasa. Wifi akaparuza karoti, akachambua kabichi, halafu matone ya mvua yakaanza akakimbia nje kuanua nguo. Kutoka hapo akaenda kuweka maji ya baba ya kunawa na kumtandikia mahali pa kunyoosha mguu.

Nikabaki peke yangu na ile video. Nimeegemeza simu kwenye kopo la unga, dada wa kwenye video anasema siri ya upishi huu ni kukata kila kitu vipande vyembamba vilivyolingana, ndipo moto mkali uvipitie mara moja. Nikakata. Jogoo nilishamwopoa kwenye presha; kidari kikaenda, paja likaenda, ini likaenda. Mkono ulikuwa unakimbia kuliko akili.

Nilipotazama ubao, kisu kilikuwa kwenye kipande cha mwisho cha firigisi.

Sina haja ya kuwaeleza sana. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na baba yake akiwepo ni ya baba yake. Haiombwi wala haiulizwi. Inawekwa nzima, juu kabisa ya sahani, ikiwa imetazamana naye. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Ningekuwa mgeni wa mila za huku ningesamehewa, lakini nimekulia humohumo, kwetu Machame ni vilevile.

Nikasikia bajaji getini. Nikafanya nini? Nikavikusanya vile vipande vyembamba nikavitupa kwenye karai pamoja na vingine. Mafuta, tangawizi, vitunguu, kuku, mboga, tambi, sosi. Dakika nane. Kila kitu kikawa rangi moja ya kahawia.

Nilijiambia nitasema. Naapa nilijiambia akimaliza kula nitamwambia, "Baba, leo nimekukatia firigisi yako kwa sababu ya meno yako." Ni sentensi moja! Na ilikuwa na ukweli ndani yake, maana meno ya mzee yamebaki machache.

Baba akala. Jamani, alikula. Aliomba kuongezewa. Akasema chakula hiki kinafanana na minyoo lakini kina utamu, na kwamba leo nyama imemkubali. Kuna kipande alikitafuna taratibu akakifumbia macho. Mimi nilikiona na nilikijua ni kipande gani.

Kisha akaifuta sahani kwa macho, kama mtu anayetafuta miwani yake.

"Huyu jogoo nimemlea mwenyewe," akasema. "Hakuwa na firigisi?"

Mume wangu akanigeukia. Ule uso wake naujua, ni uso wa mtu anayesema usiniaibishe. Na mimi, badala ya ile sentensi moja, nikatoa nyingine.

"Niliiweka kwenye kisahani, baba. Niliporudi sikuikuta."

"Jikoni ulikuwa na nani?"

"Na wifi."

Sikusema ameila. Huo ndio ujanja nilioshikilia miezi yote hii, kwamba mimi sikusema ameila.

Filomena akaingia na jagi la maji na beseni ili baba anawe. Baba akamuuliza kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Mwanzo akacheka, akadhani anataniwa. Halafu akatuangalia mmoja mmoja, na alipofika kwangu nikainamia sahani.

"Baba, sijala."

"Na ile ya kwanza ulisema ni paka," mzee akamjibu.

Hakuna aliyepandisha sauti. Wifi aliinama akamshikia beseni, baba akakataa kunawa kwa maji yake. Akaniambia mimi nilete mengine. Nikaleta! Nilinyanyuka na miguu yangu nikaleta.

Alasiri hiyohiyo mzee akasema harudi Kilema. Alisema kama mtu anaweza kula cha baba yake kwenye nyumba ya ugenini, mchana, basi kule juu alikokuwa naye peke yake hajui amekula vingapi. Hatakula tena kwa mkono wa Filomena, atakula kwa mkono wangu. Wifi akapanda gari la Kilema na kikapu kitupu. Aliponiaga alinishika mabega akaniambia, "Mguu wa baba usiuoshe kwa maji ya moto, ni ya uvuguvugu."

Kutoka hapo mambo yakawa ya ukoo. Kaka mkubwa, anayekaa Dar, akapeleka habari kwenye kundi la familia, na kila mtu akakumbuka kitu. Mmoja akakumbuka maziwa, mwingine akakumbuka kahawa iliyovunwa ikawa pungufu. Vitu ambavyo havikuwahi kuwa kosa vikawa kosa. Ikaamuliwa nyumba ya Kilema ifungwe na ng'ombe apelekwe kwa jirani. Filomena sasa amepanga chumba Himo, anauza ndizi sokoni. Mwanamke aliyelea baba yake miaka sita!

Mimi nilifunga chumba changu cha ushonaji pale mjini, kwa sababu kidonda hakisubiri. Cherehani yangu iko chini ya kitanda. Asubuhi naosha mguu, saa nne uji, saa saba chakula, jioni dawa. Mume yuko mlimani. Siwezi kutoka hata kwenda sokoni nikakaa. Mtu pekee ambaye angeweza kunipokea kazi hii, anayejua mzee akikunja uso ni maumivu na akikunja zaidi ni njaa, ni yule niliyemfukuza.

Na mzee ananipenda. Hapo ndipo penyewe. Angekuwa mkali ningepumua.

Kila Jumapili baada ya misa anaomba zile tambi za siku ile. Si ndizi, si wali. Kwa hiyo kila Jumapili nasimama jikoni, nakata kidari vipande vyembamba, nakata karoti, nachemsha tambi, nawasha moto mkali. Firigisi naiacha nzima, naiweka kwenye kisahani peke yake, namtengea. Naye anaiinua kwa uma, ananitazama na kusema, "Wewe, mama, hujaninyima changu." Kisha ananibariki kwa jina la marehemu mke wake. Nimeshabarikiwa Jumapili nyingi kiasi kwamba nikisikia kengele ya misa natamani iwe Jumatatu.

Jioni yake simu inaita. Filomena. Anauliza amekula? Amelala vizuri? Mguu unatoa harufu? Kamwe hakuniuliza juu ya siku ile, na mimi niliomba aniulize, anitukane, aniite muuaji wa Machame. Siku moja alisema mwenyewe.

"Nimefikiri sana, wifi. Nadhani ni Mungu ananilipa ile ya paka. Ulivyoweka kisahani labda kiliingia kiumbe kikachukua. Ni zamu yangu kusingiziwa."

Nikamwambia network inakatika. Nikakata.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, kisha akasema nimeshamwambia Mungu ambaye alikuwa anajua, sasa niende nikamwambie asiyejua. Tangu siku hiyo sijapanga foleni ya komunyo. Mume wangu ananiuliza nina nini, hata ameanza kunitazama kwa jicho baya akidhani kuna mwanamume.

Halafu likaja hili la Desemba. Wenzangu wa huku mnajua, Desemba kila mtu anarudi nyumbani, na wazee ndipo wanaposema yao. Kuna kona ya kihamba yenye migomba na kahawa kidogo, ambapo baba alishamwambia Filomena ajenge kibanda chake. Sasa kaka mkubwa amependekeza kona hiyo apewe mume wangu, kwa kuwa sisi ndio tunaomtunza mzee. Mume wangu hakukataa. Nikaona kwamba uongo wangu unakwenda kuzaa ardhi, na mwenye kuvuna ni mimi.

Basi mwezi uliopita, mume akiwa mlimani, nikaamua. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwa mdomo mtupu, kwa hiyo nilipika. Nikafanya kila kitu kama siku ile. Firigisi nikaikatakata vipande vyembamba, nikaitupa kwenye karai, nikamwagia sosi. Nikaweka mbele yake sahani ya tambi na kile kisahani kikiwa kitupu. Nikapiga magoti.

Baba alikula kidogo. Akakiona kisahani. Akafika kwenye kipande, akakitafuna taratibu, akafumba macho kama vile alivyofumba siku ile. Alipoyafumbua hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama sahani.

"Hii niliwahi kuila," akasema.

"Ndiyo, baba. Siku ile uliila yote. Niliikata kwa kupitiwa, nikaogopa kusema."

Akaweka uma chini. Nikataka kunyanyuka, akanizuia.

"Filomena anajua?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Padre."

Nilitegemea anipige na fimbo yake. Nilitegemea aniambie nifungashe nirudi kwetu, na wallahi ningefungasha nikiimba. Badala yake akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonileta hapa.

"Nimemfukuza mtoto kwa kitu kilichokuwa tumboni mwangu. Desemba wanangu watakaa mbele yangu. Niwaambie hivyo?" Akasukuma sahani. "Wewe ni mkamwana wangu na hujawahi kunikaidi. Hili usiliseme. Kwa mume wako, kwa Filomena, kwa mtu yeyote. Nimekukataza."

Mungu wangu! Nilikuwa nimefungiwa na uongo wangu peke yangu, sasa nimefungiwa pamoja na mzee humohumo, na ufunguo ameuficha yeye. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya watoto wake na siku zake zimebaki chache. Nisiposema, kona ya Filomena inakwenda.

Tangu hapo hanibariki. Jumapili bado anaomba tambi, nazipika, lakini firigisi akitengewa anaisukuma kando. "Iweke," ananiambia. "Ni ya Filomena." Simu ya kumwita hapigi. Mimi nikisogea kuishika simu ananikazia macho. Kwenye friza yangu sasa zimo firigisi nne ndani ya mfuko wa nailoni, zinamsubiri mtu ambaye hajala firigisi tangu akiwa na miaka tisa, na hilo nalo mzee halijui.

Nyie mnaosoma, hasa nyie mlioolewa kwenye nyumba za watu mkataka kuonekana hamna dosari. Ukiharibu jikoni sema palepale, chakula kikiwa bado cha moto. Utanuniwa siku mbili, yataisha. Usimtaje mwenzako hata kwa nusu ya neno. Na ukimsikia mtu amekuaminia siri yake huku amekaa kwenye kigoda chako, iache hapohapo kwenye kigoda. Mimi ya wifi niliiacha igeuke ushahidi dhidi yake, na sasa sina pa kutokea.

Nimebakiza mlango mmoja. Baba alinikataza kusema. Kuandika hakutaja.

Wifi, najua ukurasa huu unausoma, ndiwe uliyenifundisha kuusoma. Jina nililokuita si lako, lakini paka ni wako, kwa hiyo utajijua. Desemba upande Kilema usiogope, ukae kwenye kikao, uniulize mbele yao wote. Mzee alinikataza kusema. Hakunikataza kujibu nikiulizwa na wewe.

Hakuna kiumbe kilichoingia jikoni siku ile, na Mungu hakuwa anakulipa chochote. Hukuila, wifi. Baba aliila mwenyewe, akafumba macho, akasema leo nyama imemkubali.